Jeni haina misuli

SWALI: "Mwalimu wetu wa baiolojia hufundisha kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, kisha hutufafanulia kwa Kiswahili. Kwenye mada ya urithi husema jeni yenye nguvu huishinda jeni dhaifu, ndiyo maana mtoto hufanana na mzazi mmoja kuliko mwingine. Binamu yangu wa Mombasa anasema kwao huitwa jeni kuu. Mimi niliwahi kusoma mahali jeni tawala. Lipi sahihi? Tena, tuseme jeni hii au jeni hili?" (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Morogoro)

JIBU: Nianze na la mwisho, maana halina ugomvi. Jeni, yaani kile kipande cha urithi kinachopeleka sifa ya mzazi kwa mtoto, ni jeni hii, jeni hizi, kama seli na kama damu. Neno lenyewe alilibuni Mdenmaki mmoja, Wilhelm Johannsen, mwaka 1909, kwa mzizi wa Kigiriki. Sisi tumelipokea kwa mkono wa Kiingereza tukalibandika irabu mwishoni. Ukiandika majeni nitadhani ulikusudia majani.

Jeni kuu nayo tuipite mbio. Kuu ni cheo au ukubwa: barabara kuu, mwalimu mkuu, sikukuu. Jeni haina cheo. Msalimie binamu yako.

Sasa hiyo "yenye nguvu" na pacha wake "dhaifu". Hapa nimengoja miaka mtu aniulize.

Maneno haya hayakuzaliwa darasani, yametoka uani. Nenda kwenye arobaini ya mtoto yeyote. Shangazi anamfunua kichanga kanga, anamtazama masikio, anamgeuza kiganja, anampima pua kwa kidole, kisha anatoa hukumu bila rufaa: "Damu yetu kali!" Upande wa mama wanatabasamu kwa meno tu. Damu kali nimeizoea, na shangazi namwachia, kwa sababu shangazi hafanyi mtihani. Lakini mwalimu anapoichukua kauli hiyo, akaivua damu na kuivika jeni, akaiandika ubaoni kwa chaki, hapo siwezi kunyamaza.

Gregor Mendel, mtawa wa Brno, alipanda njegere. Njegere, jamani, si mbaazi kama ninavyosoma kila mara! Mbaazi ni zile tunazopika kwa nazi tukalia mahamri, na sidhani kama yule mtawa aliwahi kuzionja, maskini. Alichanganya njegere za mbegu mviringo na za mbegu zenye makunyanzi. Kizazi cha kwanza kikatoka mviringo kitupu. Mtu wa damu kali angefunga daftari hapo hapo akapiga vigelegele. Mtawa akazipanda tena mbegu zile, akaacha mimea ijichavushe yenyewe, akakaa kuhesabu: mviringo 5,474, zenye makunyanzi 1,850. Karibu tatu kwa moja. Aliyasoma matokeo yake mbele ya watu mwaka 1865, yakachapwa mwaka uliofuata, na dunia ikayapuuza kwa miaka zaidi ya thelathini.

Iangalie hiyo 1,850. Makunyanzi yalirudi kamili, kama yalivyokuwa kwa babu yao. Hayakupungua mkunjo hata mmoja. Aliyepigwa akashindwa hurudi akichechemea. Haya yalirudi yamejinyoosha kama yaliyotoka kulala. Kitu kinakaa kizazi kizima hakionekani, kinatoka vilevile kilivyoingia, nanyi mnakiita dhaifu? Mimi nikikaa wiki moja kwa wakwe bila kutoa maoni yangu, narudi nimekonda.

Ndiyo maana nasema: jeni tawala (dominant kwa Kiingereza), na mwenzake jeni fiche (recessive). Tawala ni neno la asili ya Kiarabu, la ukoo mmoja na liwali, na nalipenda kwa sababu Kiswahili tayari kina chama tawala. Chama tawala ndicho chenye kiti, ndicho unachokiona kwenye picha. Kina nguvu? Hilo ni swali jingine. Upinzani umo mle mle bungeni, kiti chake umekikalia, na uchaguzi ujao hujui. Fiche nayo si mpya: tunasema maana fiche, yaani maana ipo ila haijioneshi. Njegere zile za kizazi cha kwanza zilibeba makunyanzi kwa namna hiyo hiyo.

Kosa la pili linamfuata la kwanza kama mkia. Mwanafunzi akishasikia nguvu, huamini kwamba jeni ya namna hiyo lazima itapakae nchi nzima. Kuzaliwa na kidole cha sita mkononi mara nyingi hutokana na jeni tawala. Haya, hesabu vidole vya majirani zako. Kundi la damu O, kwa upande wake, ni fiche mbele ya A na B, na huku kwetu ndilo lenye watu wengi kuliko kundi jingine lolote.

Udhaifu huo wa kubuni unaniudhi zaidi ukifika kwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto huugua akipata nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba, moja kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja ana nakala moja ya jeni hiyo na moja ya kawaida, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, yaani yenye nakala zote mbili za ugonjwa, hata kama mtoto aliyetangulia naye alikuwa SS. Michango ni sawasawa. Lakini ukiwa na "damu dhaifu" mdomoni, kikao cha ukoo hakiulizi hesabu, kinauliza dhaifu ni ya nani, na jibu huangukia kwa mama. Wakati huo huo mwenye nakala moja, yule wa AS, kwa kawaida ni mzima, tena malaria kali humpata kwa nadra kuliko wengine. Anthony Allison alilionesha hilo mwaka 1954, kwa utafiti uliofanyika hapa hapa Afrika Mashariki. Mnyonge gani huyo anayekukinga na malaria?

Niungame, hata tawala yangu hutoka jasho hapo. Ukiipima maabara damu ya mtu wa AS unakuta himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, za aina zote mbili, kila moja inajionesha bila haya. Hakuna aliyetawala, ni serikali ya mseto. Neno kamili sijalipata, na kwa sasa naishi na hili.

Mwalimu wako usimpelekee safu hii kwa kiburi. Anafundisha kwa lugha mbili kwa mshahara mmoja. Na kwenye mtihani utajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo haya yote hayatakupa hata alama moja.