Sarafu ya zama za kati ndani ya fungu la Kirumi: maswali na majibu

Assalaam alaykum, mwalimu. Niliagiza kutoka Ulaya fungu la sarafu za Kirumi zisizosafishwa. Moja ina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, wala haina sura ya mtu. Je, ni bandia, au ni ya Kilwa? (Msomaji, Mkunazini)

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Si lazima iwe bandia. Mafungu hayo hutoka katika ardhi iliyokaliwa kwa karne nyingi, na shamba linalotoa shaba za Kirumi laweza kutoa pia za Bizanti, za Kiislamu na za Osmani, ambazo wauzaji huzichanganya zikiwa bado zimefunikwa na udongo.

Kuhusu Kilwa, nakusihi usiivutie huku kwetu kwa sababu tu unaishi Unguja. Tangu mageuzi ya Khalifa Abdulmalik, yaliyoanza mwaka 77 Hijria (696), sarafu nyingi za Kiislamu zilibeba maandishi matupu, kwa hiyo kukosekana kwa sura hakutoshi kuitambulisha. Ukiona shahada kwa herufi za kale zisizo na nukta, bila jina la mtawala, fikiria kwanza falsi (sarafu ya shaba) ya Bani Umayya ya karne ya 8. Ukiona tughra, yaani saini ya sultani iliyosukwa kwa herufi, yaelekea ni ya Osmani. Shaba ya Kilwa huwa na jina la mtawala upande mmoja, kwa mfano al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yenye kina kimoja na jina hilo, mwaka haumo. Ipige picha pande zote mbili, mwanga ukitokea ubavuni, uipime uzito kwa mizani ya sonara na kipenyo kwa milimita, kisha ulinganishe na sarafu zinazojulikana.

Naweza kuisugua sarafu ya kale kwa ndimu na mchanga kama tunavyosugua vyombo vya shaba? (Msomaji, Wete)

Hapana, tafadhali. Tindikali ya ndimu hula ngozi ya kijani ambayo mara nyingi ndiyo iliyobeba herufi, na mchanga huondoa zilizobaki. Iloweke katika maji yaliyotoneshwa, uyabadilishe mara kwa mara, na uondoe udongo kwa kijiti laini.

Kijana wangu ameokota shambani sarafu ndogo ya fedha isiyo na mwaka, penye vigae vingi. Umri wake utajulikanaje? (Mama msomaji, Chake Chake)

Mama, jibu liko katika vigae hivyo, yaani vitu vilivyolala pamoja na sarafu, kuliko katika sarafu yenyewe. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya ghuba ya Wete, wachimbuaji walikuta hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo sana, zenye majina ya watawala wa pwani akiwamo Ali bin al-Hasan, na hakuna iliyoandikwa mwaka. Zilijulikana kuwa za karne ya 11 kwa sababu zilikuwa pamoja na dinari za dhahabu zilizoandikwa mwaka. Laiti dinari zile zingeokotwa na kuuzwa kwanza, fedha zile zingebaki bila umri. Kwa hiyo kijana asiendelee kuchimba. Aweke alama mahali alipoiokota, aviache vigae vilipo, nanyi mpeleke taarifa kwa wanaohusika na makumbusho na mambo ya kale.

Nina sarafu ya shaba yenye tundu la mraba na maandishi ya Kichina. Ilifikaje kwetu? (Msomaji, Makunduchi)

Uko mahali pake hasa. Mwaka 1945, Kajengwa, jirani na kwenu, iliibuliwa hazina ya sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song (960–1279), zilizokuja kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo umbo hilo liliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa karne ya 20, hivyo tundu peke yake halithibitishi kitu. Nitumie picha iliyo wazi ya herufi nne zinazolizunguka, kwa kuwa kwa kawaida mbili kati yake hutaja kipindi cha utawala ilipotengenezwa.