Gitaa Linalolia: Nani Hulipiga, na Hulipwaje?

SWALI: Mhariri, mimi hupiga gitaa la solo katika bendi ya benga hapa Kisumu. Kila Jumapili asubuhi mama hufungulia redio nyimbo za kantri, na ndani yake husikika gitaa linalolia kama mtu mwenye majonzi. Hilo ni gitaa gani, na mpigaji wake hupataje riziki ilhali jina lake halitajwi? Nauliza kwa kuwa nami huitwa studio kuwapigia waimbaji wengine.
Msomaji, Kondele

JIBU: Ndugu msomaji, hilo ni gitaa la stili lenye pedali. Halipakatwi, husimama kwa miguu yake kama meza nyembamba, na mpigaji huketi nyuma yake, mkono wa kushoto ukitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, ambazo kwa kawaida ni 10, na wa kulia ukizidonoa. Kilio kinachomgusa mama hutoka miguuni: pedali ikikanyagwa, au wenzo ulio gotini ukisukumwa, baadhi ya nyuzi hukazwa au kulegezwa zikiwa bado zinalia, huku nyingine zikibaki zilivyo. Mpigaji wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ambaye hugonga ala yake kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, hatashangazwa na jambo hilo.

Kuhusu riziki, mtazame Pete Drake, mpigaji wa gitaa hilo, aliyezaliwa Georgia, Marekani, mwaka 1932, akiwa mtoto wa mhubiri. Alihamia Nashville mwaka 1959, mji ambao studio zake zilikodi wapigaji kwa vipindi vya saa 3, na katika kipindi kimoja nyimbo 3 au 4 zilitarajiwa kukamilika. Mpigaji aliweza kuingia bila kuujua wimbo, akausikiliza mara moja au mbili, akaandika mwendo wake kwa tarakimu badala ya nota, kisha akapiga. Drake alipiga katika rekodi za waimbaji Tammy Wynette na Bob Dylan, na mwaka 1970 aliitwa London kumpigia George Harrison, aliyekuwa wa bendi ya Beatles. Ujira wa kazi hiyo ulihesabiwa kwa kipindi, si kwa idadi ya santuri zilizouzwa. Drake hakuishia hapo: alifungua studio yake, akasimamia hata rekodi ya Ringo Starr, naye wa Beatles.

Lakini ningekuwa wewe, ningeanza kumsikiliza Demola Adepoju wa Nigeria, aliyeipiga ala hii katika bendi ya King Sunny Adé, na ambaye pia yumo katika albamu ya mwimbaji wa Marekani Paul Simon ya mwaka 1986, Graceland. Katika juju, mtindo wa muziki wa bendi hiyo ya Nigeria, gitaa lake hupenya katikati ya ngoma na magitaa mengi, hali unayoifahamu vizuri katika benga. Sikiliza hasa anaponyamaza. Wapigaji wengi wa solo wa kwetu, naomba radhi, humjibu mwimbaji kabla hajamaliza kusema.

Kuhusu kazi yako ya studio, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inatambua pia haki za wapigaji ala, si za watunzi pekee. Kwa hiyo mwandikiane malipo yako, matumizi ya rekodi, na mahali jina lako litakapotajwa. Karatasi hiyo itiwe sahihi kabla hujachomeka waya wa gitaa, kwa maana wimbo ukishapendwa redioni, watu husahau upesi waliahidiana nini.