Umepigwa tochi, unaitwa mahakamani: majibu kwa madereva wa Dar

Maswali ya wiki hii karibu yote yametoka kwa watu walionaswa na tochi, kile kifaa cha trafiki cha kupima mwendo, wakaambiwa na trafiki, "Wewe sikuandikii faini, utakwenda kujieleza mbele ya hakimu." Nimeyafupisha na kuondoa majina. Mwenye kesi yenye majeruhi au kifo asitegemee safu hii, atafute wakili leo hii.

Nilipigwa tochi Barabara ya Bagamoyo nikiwa kilomita 112 kwa saa, mahali pa kibao cha 50. Niliomba niandikiwe elfu thelathini kama wengine, askari akakataa. Ana haki hiyo? (Mhasibu, Tegeta)

Anayo, kaka. Watu wengi wa Dar wanaichukulia ile 30,000 kama bei ya kosa, ukishatoa umemaliza. Sivyo. Ni nafuu iliyowekwa na Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168: unakiri, unalipa ndani ya muda uliopewa, hakimu hahusiki. Askari anaruhusiwa kukupa nafuu hiyo, halazimishwi. Akiona mwendo wako umepita kiasi, anakupeleka mahakamani, na huko elfu thelathini haina nguvu yoyote. Hakimu anaweza kutoza zaidi, anaweza kufunga, na anaweza kukuzuia usiendeshe kwa muda.

Na niseme ukweli, 112 kwenye 50 si jambo la kulalamikia sana. Umbali wa kusimama kwa breki haupandi sawasawa na spidi, unapanda kwa mraba wake. Kwa mwendo ule breki zako zilihitaji umbali wa karibu mara tano ya ule wa 50, tena kwenye barabara ambayo watoto wa shule wanavuka mchana kutwa. Hakimu anayapata haya kwa mwendesha mashtaka kabla wewe hujafungua mdomo.

Kitu cha kuangalia haraka ni hati yako ya mashtaka. Inasema umezidisha mwendo tu, au inasema umeendesha gari kwa njia ya hatari? Hayo ni makosa mawili tofauti na la pili ni zito zaidi. Yakiwemo yote mawili yataandikwa kosa la kwanza na kosa la pili, na kila moja utaulizwa peke yake. Nimeona watu wakijibu la pili kwa mazoea ya la kwanza.

Natakiwa Mahakama ya Wilaya Kinondoni asubuhi. Sijawahi kukanyaga mahakamani maisha yangu yote. Nitakuta nini? (Mwalimu, Mwenge)

Mwalimu, utakuta kusubiri. Fika saa moja na nusu, hata kama umeambiwa saa tatu, maana ukikaa kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi hakuna atakayekuhurumia. Vaa kama unavyovaa siku wazazi wanapokuja shuleni. Kandambili na kaptura vitakurudisha getini. Simu izime kabisa. Ikitetemeka tu mfukoni mbele ya hakimu, umeanza vibaya.

Tafuta orodha ya mashauri ya siku hiyo iliyobandikwa, uone jina lako na jina la hakimu. Usipojiona usiondoke ukidhani umesamehewa. Nenda masjala, taja namba ya kesi, waulize. Jalada huwa limechelewa kushuka tu.

Usitarajie ukumbi mkubwa kama wa kwenye filamu. Kesi nyingi za barabarani zinasikilizwa kwenye chumba cha hakimu, chumba cha kawaida chenye meza, mafaili, karani pembeni, mwendesha mashtaka na benchi moja ambalo mtabanana. Karani akiita jina lako unaitika kwa sauti, unasimama, mikono nje ya mifuko. Hakimu unamwita "Mheshimiwa". Na huu ni ushauri ambao mawakili wanawapa mashahidi wao kila siku: tazama mkono wa hakimu. Akiwa anaandika, nyamaza. Akimaliza, endelea. Maneno yako yanayoingia kwenye kumbukumbu ni yale aliyowahi kuyaandika, na ukimwaga maelezo kwa kasi ile iliyokuleta hapo, nusu yake itapotea.

Shtaka litasomwa, utaulizwa ni kweli au si kweli. Hilo ndilo jambo kubwa la siku ya kwanza, na nimelijibu kwenye swali linalofuata. Ukikana, hutaanza kujitetea siku hiyo hiyo. Itapangwa tarehe ya maelezo ya awali, kisha mashahidi wa upande wa mashtaka, kisha wewe. Katikati hapo utaombwa mdhamini, kwa hiyo nenda naye kabisa: awe na kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka Serikali ya Mtaa anakoishi. Dhamana kwa makosa haya ipo na haiuzwi. Anayekudai hela "ya karani" au "ya fomu" nje ya jengo ni kishoka.

Ukiona hati imeandikwa Kiingereza na hujaielewa vizuri, sema. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na una haki ya kuelewa unachojibu.

Rafiki yangu ananiambia nikiri tu ili yaishe siku moja nirudi kazini. Ananishauri vizuri? (Dada wa benki, Upanga)

Dada, inategemea kama kosa ulilifanya. Ulilifanya, picha ipo, huna hoja: kukiri mapema ni busara, na mahakimu huzingatia kwamba hujapoteza muda wa mahakama. Lakini "yaishe" ni neno la hatari. Ukishasema "ni kweli" utasomewa maelezo ya tukio, spidi, mahali, saa, hali ya barabara, halafu utaulizwa tena kama ni sahihi. Sikiliza kila sentensi. Kama umekiri mwendo lakini maelezo yanasema ulikuwa unakatiza magari hovyo na hukukatiza, sema hapo hapo kwamba hilo si kweli. Hakimu hawezi kukutia hatiani kwa kukiri kwenye "lakini" ndani yake. Ataandika kuwa umekana na kesi itaendelea.

Sababu ya kusisitiza hivi ni rufaa. Aliyekiri mwenyewe hana njia ya kwenda Mahakama Kuu kupinga kwamba alitenda kosa. Kinachobaki kwake ni kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Aliyekana akashindwa ana njia yote: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45.

Baada ya kutiwa hatiani utapewa nafasi ya kuomba kupunguziwa adhabu. Hapa ndipo watu wanapoharibu. "Naomba msamaha, nina familia" hakimu kaisikia tangu asubuhi. Mpe kitu cha kushika: miaka ya leseni bila kosa, barua ya mwajiri, ukweli kwamba mama yako anapelekwa kliniki na wewe pekee. Kama hujawahi kushtakiwa, sema, kwa sababu mwendesha mashtaka ataulizwa kuhusu kumbukumbu zako za nyuma.

Halafu hela. Adhabu ya kawaida inasomwa hivi: faini kiasi fulani, au jela miezi kadhaa. Ukishindwa kulipa siku hiyo unashushwa mahabusu ya mahakama, na jioni karandinga linaondoka kwenda Segerea au Keko bila kuuliza kama mshahara unaingia kesho. Omba namba ya malipo, lipa kwa simu au benki, mwache ndugu mwenye salio karibu. Unaweza pia kumwomba hakimu muda wa kulipa, ila omba kabla hajafunga jalada.

Trafiki aliyenisimamisha hakuwa na tochi. Alinionyesha picha kwenye simu yake, katumiwa na mwenzake aliyejificha kilomita mbili nyuma. Huo ni ushahidi? (Dereva wa taksi, Sinza)

Ndiyo mtindo wao siku hizi, mmoja kichakani, mwingine mbele. Kuonyeshwa picha kwenye simu hakukufungi wewe kukubali, wala si kosa lao kuitumia kukusimamisha. Mahakamani ni habari nyingine. Aliyekupiga tochi ndiye aliyeona, basi yeye ndiye wa kuja kueleza. Ukikana, utapata nafasi ya kumhoji: alisimama wapi, kibao cha 50 kilikuwa upande gani na kinaonekana, picha inaonyesha namba yote ya gari, saa ya kwenye picha inalingana na saa ya kwenye hati, kifaa kilihakikiwa lini. Uliza kwa upole, swali moja moja. Usigombane naye. Kazi ya kuthibitisha pasipo kuacha shaka ni ya upande wa mashtaka, wewe huna deni hilo.

Ila usiende kumhoji mtu kwa hoja ya kwamba alijificha. Kujificha hakufuti kosa, nami nimechoka kuisikia.

Naendesha basi la mikoani kutoka Kituo cha Magufuli, Mbezi. Tajiri anataka tuwahi, trafiki ananipeleka mahakamani, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nao wana lao. Nahukumiwa mara ngapi? (Dereva, Mbezi Luis)

Hili lina mambo mengi, mzee wangu. Basi lako haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa popote, hata barabara iwe nyeupe namna gani. Hali kadhalika lori lenye uzito unaozidi kilo 3,500. Na huhitaji tochi kukamatwa: basi la masafa marefu limefungwa kifaa cha VTS kinachotuma mwendo wako LATRA, na kile kitufe unachogusisha kabla ya kuwasha ndicho kinachosema ni wewe uliyeshika usukani saa hiyo. Kwa hiyo ule utetezi wa "alikuwa mwenzangu" umekufa.

Mahakama inashughulika na kosa lako la jinai. LATRA inashughulika na leseni ya usafirishaji ya tajiri na sifa zako wewe kama dereva uliyethibitishwa. Ni njia mbili na zinaweza kwenda pamoja. Kuhusu tajiri, agizo lake la mdomo halitakuokoa kizimbani, kwa sababu mguu uliokanyaga mafuta ni wako. Lakini kama anatuma meseji za "mbona mnachelewa", zitunze. Zina maana wakati wa kuomba nafuu ya adhabu, na zina maana zaidi siku atakapotaka kukufukuza kazi kwa kosa alilolisukuma yeye. Mimi nisingemfanyia kazi mtu wa namna hiyo, ingawa najua maneno haya ni rahisi kwa aliye ofisini.

Mume wangu alikamatwa Chalinze akitoka Morogoro. Tunaweza kuhamishia kesi Mahakama ya Kisutu, karibu na nyumbani? (Mama wa Kariakoo)

Hapana, mama. Kosa linasikilizwa lilipotendeka, na Chalinze ni Mkoa wa Pwani. Hesabuni nauli ya tarehe kadhaa. Kwa kesi za mbali kama hii ndipo namwelewa mtu anayeamua kukiri kosa alilolifanya kweli.

Kaka yangu hakwenda tarehe ya pili, alikuwa na homa. Mimi ndiye mdhamini. (Binti, Temeke)

Nenda wewe kesho asubuhi, usingoje tarehe nyingine. Mshtakiwa asipotokea, hakimu anaweza kutoa hati ya kumkamata, na mdhamini akaitwa aeleze kwa nini asilipe kiasi alichosaini kwenye bondi, yaani hati ya dhamana. Chukua cheti cha hospitali chenye muhuri na tarehe, mwone karani wa hakimu huyo, eleza. Kaka akipata nguvu aende mwenyewe kabla hajafuatwa. Anayejileta na karatasi ya daktari hupokelewa tofauti kabisa na anayeshushwa kwenye difenda.

Kuna mtu nje ya mahakama anasema ana njia ya "kulimaliza" kwa laki mbili. (Hakutaja alipo)

Atakula hela na kesi itabaki. Na kutoa rushwa ni kosa kwako pia, kubwa kuliko la mwendo. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Malipo yoyote halali ya faini yana namba ya malipo ya serikali na risiti, hayapiti kwenye laini ya mtu binafsi.

Bodaboda nayo inapigwa elfu thelathini? (Kijana wa Gongo la Mboto)

Bodaboda na bajaji ni 10,000 kwa kosa, tangu bajeti ya 2021/22. Ila hiyo nayo ni ya barabarani tu. Ukipelekwa mahakamani, rudi ukasome jibu la mhasibu wa Tegeta.