Biashara ya kimataifa: ukimaliza shahada, kazi iko wapi?

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa ECA, na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya biashara ya kimataifa. Kaka yangu anasema ni kozi ya kugusagusa kila kitu, nitaishia mtaani. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kaka yako ana hoja. Mwaka wa kwanza utasoma uhasibu, uchumi, masoko na takwimu, karibu sawasawa na mwenzako wa uongozi wa biashara. Tofauti inakuja baadaye, na hapo ndipo wengi wanapojisahau: wanakariri nadharia, wanafaulu, lakini mpe ankara na hati ya shehena, ile BL, hajui aanzie wapi.

Kazi zipo kwa mawakala wa forodha, kwenye kampuni za meli, idara za benki zinazoshughulikia malipo ya nje, kampuni zinazouza korosho, ufuta na kahawa, na vitengo vya ununuzi vya viwanda. Chagua mlango mmoja kabla ya mwaka wa pili kwisha, kisha uombe field huko huko. Field ya kupanga mafaili kwenye ofisi isiyoagiza wala kuuza chochote nje haitakusaidia, hata kama iko karibu na nyumbani.

Jipime kwa hesabu hii. Mzigo una bei ya FOB, yaani bei hadi upakiwe melini, dola 10,000, nauli ya meli 1,800, bima 200. Thamani ya CIF, yaani bei pamoja na bima na nauli, ni 12,000, na ushuru wa forodha Tanzania unakokotolewa juu ya hiyo. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35. Tuseme bidhaa yako iko kwenye 25: ushuru ni 3,000. VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya 15,000, si juu ya 12,000, nayo ni 2,700. Hapo bado tozo nyingine na gharama za bandari. Anayesahau nauli na bima, au anayekosea msimbo wa HS, ile namba inayotambulisha aina ya bidhaa forodhani, humpa mteja bei ambayo mzigo ukifika haitoshi.

Kosa lingine, tena la watu wenye shahada, ni kudhani kwamba kwenye CIF muuzaji anabeba hatari hadi mzigo ufike Dar es Salaam. Hapana. Analipa nauli na bima hadi huku, ila hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo ukishapakiwa melini kule unakotoka, kama ilivyo kwa FOB. Soma Incoterms 2020, yaani masharti ya kimataifa ya kuuziana bidhaa kama hayo ya CIF na FOB, zote 11.

Ukivutiwa na benki, isome LC, ile ahadi ya benki ya mnunuzi kumlipa muuzaji akileta hati sahihi, mpaka uielewe. Benki inalipa kwa kuangalia karatasi, haifungui kontena. LC ikitaka ufuta upakiwe kabla ya tarehe 30 na BL ikaonyesha tarehe 2 ya mwezi unaofuata, benki ina haki ya kukataa kulipa, hata kama ufuta ni safi kabisa. Kanuni za kimataifa za LC, UCP 600, zinaipa benki siku 5 za kazi kukagua hati.

Ongeza Kifaransa. Mizigo ya Kongo na Burundi inapita bandari ya Dar es Salaam, na wenye mizigo wengi barua zao ni za Kifaransa.

SWALI: Binti yangu anataka kazi ya forodha. Shahada hii inatosha?
Mzazi, Tanga

JIBU: Kuomba kazi ataweza pale tangazo linapokubali shahada za biashara, lakini atashindana na waliosoma forodha yenyewe. Kama moyo wake uko huko tu, aangalie Chuo cha Kodi, ITA, kilicho chini ya TRA. Akitaka kuwa upande wa mawakala, asomee cheti cha EACFFPC, cha kazi ya forodha na uwakala wa mizigo, ambacho kinatambulika Afrika Mashariki. Akigeukia ununuzi, kuna mitihani ya PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na shahada haimwondolei haja ya kusajiliwa na bodi hiyo.