Diski inayogonga: okoa mafaili kwanza

Ndugu yangu wa Ngamiani, umeeleza kwamba kompyuta mpakato yako inachelewa kuwaka, inaganda unapofungua mafaili, na sasa diski yake inatoa mlio wa kugonga. Fundi naye amekushauri uifomati, yaani ufute kila kitu kwenye diski na kuiandaa upya. Usikubali bado. Kufomati hakuponyi diski inayokufa, na kazi hiyo huichosha zaidi kabla hujaokoa chochote.

Mlio wa kugonga mara nyingi humaanisha kwamba vichwa vinavyosoma data vimeanza kushindwa, na kila dakika ya kuwaka inaweza kuongeza mikwaruzo kwenye sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika. Kwa hiyo izime, kisha umwombe fundi aitoe diski, aiunganishe na kompyuta nyingine kwa kebo ya USB, na anakili kwanza nyaraka ambazo huwezi kuzipata tena. Filamu na muziki vingoje. Akitaka kuifungua diski yenyewe pale mezani, mkatalie, kwa sababu chembe moja ya vumbi inatosha kuiharibu. Wala usiiweke kwenye friji, kama wengine wanavyoshauri: kwa unyevu wa hewa ya Tanga, utaitoa imelowa.

Baada ya hapo usitafute kuitengeneza, bali nunua SSD (diski isiyo na sahani zinazozunguka) ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, ambayo hukaa palepale ilipokuwa diski ya zamani kwenye kompyuta mpakato nyingi kama yako. Diski ya zamani udai urudishiwe, kwani ina mambo yako ya siri.