Mshauri anaweza kutoa siri yako lini?

Umeuliza kama mshauri nasaha anaweza kutoa siri yako bila ruhusa. Anaweza, ila kwa sababu chache: uko karibu kujidhuru, unapanga kumdhuru mtu, mtoto anateswa, au mahakama imeamuru (barua ya wakili peke yake si amri). Ukisema "nimechoka kuishi" hakimbilii simu. Kwanza atakuuliza una mpango gani, wa lini, na kama dawa au kamba tayari unayo. Akilazimika kusema, husema kinachohusu hatari tu, si faili zima, na ikiwezekana anakuambia kwanza. Kosa la washauri wengi ni kutoeleza haya kikao cha kwanza. Mteja akija kuyajua katikati, anafunga mdomo.