Mama alianguka, sasa tunamkataza hata kuinuka

Wasomaji wanauliza, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo anajibu

SWALI: Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 74. Miezi mitatu iliyopita aliteleza akitoka bafuni, akaanguka. Tunashukuru hakuvunjika, bega tu lilivimba. Tangu siku hiyo tulikubaliana na ndugu zangu asifanye kazi yoyote. Kila kitu analetewa pale alipokaa, na akienda msalani lazima mtu amshike mkono. Lakini naona anazidi kuwa mzito. Kuinuka kitini ni mpaka avutwe, na wiki iliyopita nusura aanguke tena. Jirani anasema mama anahitaji mazoezi. Kaka yangu anasema kumpa mzee mazoezi ni kumtafutia balaa jingine. Nani tumsikilize? – Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu, na mama mpe pole. Msikilizeni jirani.

Najua mnamkalisha kwa mapenzi. Familia nyingi ninazokutana nazo kazini hufanya hivyo hivyo, na kila mara naumia kuona mapenzi yakimwongezea mzee hatari. Msuli usiotumika hunywea, kwa mzee hunywea haraka zaidi, na wa kwanza kudhoofika ni ule wa paja unaomwinua kitini. Akishadhoofika anaanza kuogopa, akiogopa anakaa zaidi, akikaa anadhoofika zaidi. Huo uzito unaouona si uzee peke yake. Miezi mitatu ya kukaa imechangia sana.

Huenda kaka yako anadhani miguu ya mzee haiwezi tena kupata nguvu. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 10 dhaifu, wenye umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika makao ya kulelea wazee. Walifanyishwa mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki 8. Waliomaliza, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mama yako ana miaka 74, mwanangu. Bado ana akiba kubwa.

Na kuhusu kuanguka kwenyewe, mwaka 2019 yalikusanywa majaribio 108 yaliyohusisha wazee zaidi ya 23,000 wanaoishi majumbani. Mazoezi yalipunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Pale mazoezi ya kusimama imara yalipochanganywa na ya kutia misuli nguvu, punguzo lilikaribia asilimia 34. Sijui kidonge kinachoweza kumfanyia mzee hivyo.

Kabla ya kuanza, mpelekeni kwa daktari ikiwa ana kizunguzungu, maumivu ya kifua, amewahi kuzimia, au ameanguka bila kujua kilichomwangusha. Na bega hilo liangaliwe kama bado linauma, maana mwanzoni atahitaji mikono.

Zoezi la kwanza ni kuinuka kitini, lile lile linalomshinda. Chukueni kiti kigumu chenye mikono, kisicho na magurudumu, kiegemee ukutani. Mama asogee mbele, akalie nusu ya kwanza ya kiti. Miguu aivute nyuma kidogo, visigino viwe nyuma ya magoti. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajaribu kunyanyuka huku mgongo umenyooka, kiti kinawang'ang'ania. Mwambie ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha asukume chini kwa nyayo. Atajikuta makalio yameachana na kiti yenyewe. Asimame wima, avute pumzi, halafu akae polepole huku wewe ukihesabu moja hadi nne. Asijitupe kitini. Kule kushuka taratibu kunajenga paja sawasawa na kupanda.

Aanze na mara tano, apumzike, arudie. Siku za mwanzo atumie mikono yote miwili, baadaye mmoja, mwishowe aikunje kifuani. Mkifika hapo mpimeni: ndani ya sekunde 30 anainuka mara ngapi bila mikono? Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara 10 ni dalili kwamba hatari ya kuanguka bado ipo.

Zoezi la pili afanyie karibu na meza nzito isiyosogea. Asimame miguu ikiwa imegusana, kwa sekunde 10. Akiweza, mguu mmoja usogee mbele nusu ya wayo. Akiweza hilo, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine, kama anayetembea juu ya kamba. Mwisho kabisa, mguu mmoja peke yake. Vidole vya mkono viguse meza, visiikamate. Na hapa nakuomba uwe jasiri: ni lazima ayumbe kidogo. Zoezi lisilomyumbisha halimfundishi kitu, kwa sababu ni katika kule kuyumba ndipo vifundo vya miguu na nyonga hujifunza kuurudisha mwili mahali pake. Wewe simama ubavuni, nyuma kidogo, mkono wako uwe karibu na kiuno chake bila kumgusa. Ukimshika mkono unamfanya akuegemee wewe, na siku usipokuwepo hatakuwa na cha kuegemea.

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya aina hii siku tatu au zaidi kwa wiki. Msiwe na haraka, lakini msiache. Akiacha, faida nayo inaondoka.

Jambo la mwisho ambalo kaka yako halitampendeza: mrudishieni mama kazi zake. Akunje nguo akiwa amesimama. Afuate mwenyewe kitu anachokitaka chumbani. Nchini Australia, mtafiti Lindy Clemson na wenzake waliwafundisha wazee waliowahi kuanguka kuingiza mazoezi ndani ya shughuli za siku: kupiga mswaki huku umesimama kwa mguu mmoja, kukunja magoti kuchukua kitu cha chini badala ya kuinamisha mgongo, kupita mlangoni ubavu ubavu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuanguka kulipungua kwa asilimia 31. Anayechoka na neno mazoezi hachoki na nyumba yake mwenyewe. Ila kausheni sakafu ya bafu na muweke kishikio ukutani. Hilo halisubiri misuli ipate nguvu.

SWALI: Habari yako binti. Nina miaka 68 na sijawahi kuwa mtu wa kukaa. Kila asubuhi natembea saa nzima. Lakini mwaka huu nimejikwaa mara kwa mara, na mara moja nilianguka nilipogeuka ghafla kuitika jina langu. Je, niongeze muda wa kutembea? – Mstaafu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kutembea usiache, moyo wako unakushukuru. Lakini usiongeze muda. Ongeza aina.

Ukitembea barabarani mwili unakwenda upande mmoja tu, mbele, kwa mwendo ule ule ulioshauzoea. Angalia ulivyoanguka: uligeuka. Watu wengi huanguka wakigeuka, wakinyoosha mkono kuchukua kitu, wakirudi nyuma, au wakipita juu ya kizuizi. Ile saa nzima ya asubuhi haikufundishi hata kimoja kati ya hivyo.

Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, kilitengeneza katika miaka ya 1990 programu ya nyumbani kwa ajili ya wazee, na ndiyo ninayoifuata zaidi kazini. Ina vizito vya kufunga kwenye vifundo vya miguu kwa ajili ya kunyoosha goti, kukunja goti na kuinua mguu pembeni. Ina kutembea kinyumenyume, kutembea ubavu ubavu, kutembea kwa vidole, kutembea kwa visigino, na kuzunguka kwa kufuata umbo la namba 8. Hayo mara tatu kwa wiki, na kutembea kwa kawaida bado kumo, angalau mara mbili. Majaribio yake yakijumlishwa, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35.

Kwako wewe mzee wangu ningeanza na lile umbo la 8. Weka viti viwili imara, nafasi ya hatua nne hivi kati yake, uvizunguke taratibu, kisha ubadili mwelekeo. Kisha rudi kinyumenyume ukiwa pembeni ya ukuta. Na kwa kule kujikwaa, kaa kitini, visigino chini, inua vidole vya miguu yote miwili juu kadiri uwezavyo, shikilia kidogo, shusha. Utausikia msuli ulio mbele ya muundi ukiwaka. Huo ndio unaonyanyua ncha ya kiatu unapopiga hatua, na ukichoka, kiatu huburuta.

Ukiona mguu mmoja tu ndio unaoburuta, au umeanza kufa ganzi, usinisubiri mimi. Nenda hospitali leo.

Kama mazoezi ya peke yako yanakuchosha, tafuta kundi la taichi, mazoezi ya asili ya China. Zile hatua za polepole za kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu zimepimwa kwa wazee katika majaribio mengi na zinapunguza kuanguka.

SWALI: Dada, nina miaka 66. Nikiamka usiku kwenda msalani naona giza, napepesuka mpaka nishike ukuta. Natumia dawa ya presha na kidonge cha usingizi. Nifanye zoezi gani? – Mama wa wawili

JIBU: Pole sana dada yangu. Kwa sasa, hakuna. Kwanza nenda kwa daktari na dawa zako zote mkononi, umwombe akupime presha ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama, ndani ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, tatizo si miguu yako, ni damu kuchelewa kufika kichwani. Mwulize pia kama bado unakihitaji kidonge cha usingizi, maana dawa za aina hiyo huongeza kuanguka kwa watu wa umri wetu. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe.

Mpaka utakapomwona, taa iwe karibu na mkono. Ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha vifundo vya miguu juu na chini mara kadhaa, subiri giza lipite ndipo usimame. Majibu ya daktari ukiyapata niandikie, tupange mazoezi yanayokufaa.